Barua tatu za kazi: serikalini Pemba, kwa mkandarasi Unguja, au kuvuka Dar?

Mpwa wangu alimaliza shahada ya uhandisi ujenzi, akakaa mwaka na nusu akinitumia picha za matangazo ya kazi. Mwezi uliopita zikamfikia barua tatu ndani ya siku kumi. Moja ya serikali, kituo cha kazi Chake Chake. Ya pili ya mkandarasi kutoka nje anayejenga Unguja. Ya tatu ya kampuni ya Dar es Salaam, ambako rafiki yake wa chuo alimtaja kwa bosi wake. "Mjomba, nichukue ipi?" Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja, naye akasikiliza mbili tu, mama yake ndiye aliyenitolea siri. Basi nayaandika, yamfae yeye na wenziwe walio katika hali kama yake.

Kwanza ujue nani anayekwambia. Mimi ni mtu wa Wete. Nilianza kwa mkandarasi, nikaingia ofisi ya serikali, nikakaa Dar miaka minne, nikarudi kwetu. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo ambapo sikupata kitu, na hakuna ambapo sikupigwa.

Mshahara wa karatasini na ule unaofika

Vijana wakikaa barazani hulinganisha tarakimu moja tu, ile iliyoandikwa kwa wino mzito katika barua. Kwa tarakimu hiyo mkandarasi alikuwa wa kwanza, 1,800,000 kwa mwezi. Dar ikafuata kwa 1,500,000. Serikali ikawa ya mwisho, tena kwa mbali. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vya saiti.

Tuichukue ya Dar kwanza kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Katika 1,500,000 linatoka fungu la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani 150,000. Inayobaki, 1,350,000, ndiyo inayokatwa kodi ya mshahara. Kwa viwango vya Bara shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na kinachozidi milioni asilimia 30. Ukijumlisha, milioni ya kwanza inakula kodi ya 128,000, na ile 350,000 ya juu inakula 105,000. Mkononi zinabaki 1,117,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama mshahara wote ule ni wa msingi, hiyo ni 225,000 nyengine. Umebaki na 892,000, na bado hujalala mahali.

Kulala nako ni hesabu. Mwenye nyumba wa Dar mara nyingi hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Tuseme umepata chumba na sebule kwa 200,000. Kabla hujauona mshahara wa kwanza unadaiwa 1,200,000, na mara nyingi dalali naye anasubiri chake mlangoni. Hizo fedha atatoa nani? Atatoa mjomba, bila shaka. Ongeza daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na boti kila unapotaka kuja kumuona mama. Mtu aliyepata kidogo zaidi huku Unguja akalala kwao Mwanakwerekwe anaweza kumaliza mwezi na akiba, na yule wa Dar akamaliza kwa kukopa vocha.

Ya mkandarasi ina hila nyengine. Mkataba wake ulikuwa wa miezi 14, mpaka mradi ukabidhiwe. Miezi 14 kwa 1,800,000 ni 25,200,000, fedha nzuri hata kabla ya kuzungumzia makato. Lakini mradi ukiisha unarudi barazani. Ukikaa miezi mitano kabla ya kupata mwengine, wala hiyo si mingi, zile 25,200,000 zimegawika kwa miezi 19. Ni kama 1,326,000 kwa mwezi. Tayari umeshuka chini ya Dar, na ile tofauti kubwa na serikali imeanza kupungua.

Halafu kuna kuchelewa. Mhandisi mchanga huona mshahara umechelewa akadhani bosi ni mbaya. Pengine ni mbaya kweli, lakini aghalabu tatizo ni mlolongo. Mkandarasi anafanya kazi, anaipima, anaandika dai. Mshauri elekezi analipitia na kutoa hati ya malipo. Mwenye mradi ndiye analipa. Kwa mikataba inayofuata kitabu chekundu cha 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa mikataba ya mfano, mwenye mradi ana siku 56 tangu mshauri apokee dai. Hizo ni siku 56 mambo yakienda sawa. Mara dai limerudishwa kwa sababu ya kipimo kimoja cha mtaro, mara bajeti ya robo haijafunguliwa. Kampuni yenye mtaji mkubwa inakulipa kwa fedha zake ikisubiri. Kampuni nyembamba inakusubirisha nawe. Nimewahi kukaa miezi minne bila mshahara kwenye saiti moja huku nikisimamia vibarua ambao walilipwa kila Jumamosi, kwa kuwa wao wasipolipwa hawaji Jumatatu. Mimi nilikuja. Ndiyo tofauti ya kibarua na mtu mwenye shahada.

Kwa hiyo ukienda kwenye usaili wa mkandarasi, usione haya kuuliza kampuni ina miradi mingapi inayoendelea. Mwenye mradi mmoja anaishi kwa hati moja ya malipo. Zungumza na foromeni au mlinzi wa geti pia, kwa upole, mkiwa pamoja kwenye kahawa: mwezi uliopita mlipata tarehe ngapi? Geti linajua zaidi ya ofisi ya rasilimali watu.

Serikali kinyume chake. Kiasi ni kidogo lakini kinakuja, na kwa sababu kinakuja, benki zinakuamini. Hapo ndipo penye mtego wake. Nimeona vijana wanathibitishwa kazini na kabla ya mwaka wamechukua mkopo wa miaka mingi kwa dhamana ya mshahara, wakanunua kiwanja au wakafunga harusi kubwa. Kiwanja sikikatai. Ila ukishafungwa na makato, barua nzuri ikija mwaka wa tatu hutaweza kuijibu. Jengine: ukisikia Mei Mosi kima cha chini kimepanda, kama kilivyopanda hapa Zanzibar mwaka 2022 kutoka 300,000 hadi 347,000, usijipigie hesabu ya uwiano. Uliza ngazi yako wewe, na uulize posho gani zimo katika barua na zipi zinategemea safari. Posho ya safari si mshahara. Bajeti ikikauka nayo inakauka.

Nani atakutilia saini?

Hapa ndipo nilipotumia dakika sita katika zile kumi na moja, na ndipo mpwa wangu hakufika.

Ukitoka chuo wewe ni mhitimu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Bara, ERB, inayofanya kazi kwa Sheria Nam. 15 ya 1997, inaanza kukusajili kama mhandisi mhitimu. Kupanda kuwa mhandisi mtaalamu, yule anayeweza kugonga muhuri wake kwenye mchoro, kunataka angalau miaka mitatu ya kazi yenye usimamizi. Ina mpango wake wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, ulioanza 2003, nao ni wa miaka mitatu. Sisi Zanzibar tuna bodi yetu inayounganisha wasanifu majengo, wahandisi na wakadiriaji majenzi, iliyotokana na sheria ya 2008. Ukifanya kazi visiwani tu, hiyo ya huku ndiyo mlango wako wa mwanzo. Ukitaka kuvuka baadaye, ERB itakuhusu, na haiishii Dar: mwaka 2012 Tanzania, Kenya na Uganda zilisaini makubaliano ya kutambuana wahandisi ndani ya Afrika Mashariki, Rwanda ikaingia baadaye. Aliyesajiliwa kama mtaalamu ana njia ya kwenda Mombasa kwa haki. Mhitimu hana.

Ushahidi wa hiyo miaka mitatu uko katika daftari lako la kumbukumbu za kazi, na daftari lisilo na saini ya mhandisi aliyesajiliwa ni shajara ya mtu aliyekaa juani.

Mimi nilipoteza miezi 14 namna hiyo. Nilikuwa kwa mkandarasi mmoja, kazi nzuri, tunamwaga zege, tunavunja kyubu za zege maabara siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu yake, najifunza kila siku. Msimamizi wangu alikuwa mhandisi hodari, mtu wa nje. Kila nikimpelekea daftari ananiambia weka hapo, nitasaini yote mwisho. Mkataba wake ukaisha ghafla, akaruka na ndege ya Alhamisi, kampuni ikafunga ofisi yake ya Unguja muda mfupi baadaye. Barua pepe zangu hazikujibiwa. Hata angesaini, nilikuja kugundua kwamba alikuwa amesajiliwa kwao tu. Huku hakuwa na usajili wowote, hata ule wa muda ambao wageni hutakiwa kuwa nao. Nikaanza upya nikiwa na umri wa watu waliokuwa wanaapa kiapo cha uhandisi.

Kwa hivyo zile barua tatu nazilinganisha hapa kabla ya mshahara. Dar ina wahandisi wengi waliosajiliwa, na kampuni nyingi zimeshazoea taratibu za SEAP. Ukimtaja msimamizi wako kwa bodi hakuna anayekushangaa. Huko nafasi ya kupata saini kwa wakati ni kubwa zaidi. Kwa mkandarasi wa nje inategemea kabisa nani yuko juu yako: wapo wenye mhandisi mzalendo aliyesajiliwa, anayependa kulea, na wapo wenye jina lake kwenye karatasi za zabuni tu, yeye mwenyewe humuoni mpaka siku ya ukaguzi. Serikalini wapo, lakini idadi yao kwa ofisi ni ndogo, na Pemba ni ndogo zaidi. Unaweza kuwakuta wahitimu watano wanamngoja mtu mmoja ambaye ana vikao, ana safari za Unguja, na ana shinikizo la damu.

Kabla ya kusaini mkataba wowote uliza maneno haya haya: mhandisi gani aliyesajiliwa atanisimamia, amesajiliwa na bodi gani, na atasaini daftari kila baada ya muda gani? Aliye tayari kukulea hatakasirika. Akikwambia "hayo tutayaona mbele", mbele ndiko nilikomuona mimi msimamizi wangu akipanda ndege.

Kuna jambo la pili la saini, linakuja ukishasajiliwa. Mtu atakufuata akuombe cheti chako kiingizwe katika usajili wa kampuni yake, akulipe kitu kila mwezi bila wewe kufika saiti. Fedha za bure, wanaziita. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024 wengi walikuwa wakiuliza nani alisimamia. Jina lililo kwenye karatasi ndilo linaloitwa kwanza, na mwenye jina hilo hawezi kusema hakuwapo.

Kazi gani itabaki mikononi

Huku kwetu hakuna mto wa kukutia khofu. Ukitaka kujenga madaraja marefu, reli au mabwawa, hapana budi uvuke. Bara kuna reli ya kisasa, kuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 kule Rufiji, kuna daraja la Kigongo–Busisi la kama kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Mhandisi aliyepita katika kazi moja kama hizo, hata kama alikuwa anahesabu nondo tu, anasomeka vyengine katika wasifu wake. Sisi reli yetu ilikuwa ile ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, maili saba, na ilishakufa kabla babu zetu hawajaoa. Siku hizi tuna barabara za juu Mwanakwerekwe na Amani, nazo ni skuli nzuri kwa aliyebahatika kuwamo. Lakini ni chache, zinajengwa mara moja.

Kisiwa kina elimu yake, na naona vijana wanaidharau. Zege la pwani ni somo zima. Chumvi inapenya, nondo inakula kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Hoteli ya Paje au Nungwi iliyojengwa kwa haraka inaanza kukuonesha mistari ya hudhurungi kwenye nguzo ungali unakumbuka siku ya ufunguzi. Kokoto zetu za jiwe la matumbawe zinanywa maji na ni dhaifu kuliko zile za mawe magumu, ndiyo maana kazi kubwa huleta kokoto kutoka Bara, na saruji kwa sehemu kubwa nayo inavuka bahari. Mhandisi wa saiti ya Unguja hujifunza kupanga kazi kwa ratiba ya meli. Anayemwaga bamba la ghorofa huku kokoto ziko bandarini Malindi hazijatoka, hamhitaji mwalimu wa kupanga ratiba.

Pemba ni kitu chengine tena. Ni vilima na mabonde, udongo unaoteleza, mvua isiyo na adabu. Kijana akiwekwa Chake anaweza kujikuta ndani ya mwezi mmoja anapitia skuli ya ghorofa Micheweni, kalvati lililoziba karibu na Wete na ukuta wa kituo cha afya Mkoani. Hatobobea katika kimoja, lakini ataona mradi tangu bajeti, zabuni, mpaka makabidhiano, akiwa upande wa mwenye mradi. Kwa mkandarasi angeona zege tu na asijue kwa nini hati ya malipo imechelewa. Mtu aliyekaa viti vyote viwili huwa hatari sana mezani.

Halafu kuna Mji Mkongwe. Umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la 1883, ilianguka wakati wa ukarabati. Mimi ningekuwa na umri wa mpwa wangu ningekwenda kujifunza chokaa. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Mtu anakuja na saruji anapiga lipu ukuta mzima, unyevu haupati pa kutokea, jiwe linaoza ndani, ncha za boriti zinaoza ukutani bila mtu kuziona. Chuoni hufundishwi hayo. Anayeyajua vizuri hashindani na vijana elfu wa Dar wanaojua programu zile zile za kuchora. Ni njia ya polepole, miradi yake ni ya vipindi, na fedha za mwanzo hazifurahishi. Bado nasema ni akiba.

Mambo ya karatasi ambayo hakuna anayeyasoma

Ukifanya kazi Zanzibar, mkataba wako uko chini ya Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 ya huku, na mfuko wako wa hifadhi ni ZSSF. Ukivuka, inakuwa sheria ya Bara ya 2004 na NSSF, ambako pensheni inataka michango ya miezi 180. Anayerukaruka, miaka minne huku, saba kule, anaweza kuzeeka na vifuko viwili visivyojaa. Uliza kabla ya kuhama michango yako itakaaje, tena uulize mfuko wenyewe, usimuulize mwenzako wa ofisini.

Na ukiachishwa kazi Bara bila haki, malalamiko yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Vijana wetu wanarudi kwanza nyumbani kupumzika, wanakula futari, wanakumbuka siku ya 45. Huku kuna kitengo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kwenda huko si uadui. Hifadhi nakala ya mkataba, hati za mshahara na ujumbe wowote wa simu unaokutuma kazini, maana bosi wa saiti anayekwambia "sisi ni ndugu" siku ya malipo ya mwisho hakumbuki undugu.

Miezi ya majaribio nayo isomwe. Wapo wanaokuandika kwa mshahara mdogo "mpaka uthibitishwe", na tarehe ya kuthibitishwa haimo katika karatasi.

Milango isiyoandika barua

Ofisi ndogo za washauri mjini, zile za watu watatu na kiyoyozi kimoja, hazitangazi. Unakwenda mwenyewe na michoro yako. Zinalipa kiduchu, lakini ndiko utakapojifunza kupiga hesabu za muundo kwa mkono na kuzitetea mbele ya mtu aliyesajiliwa, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye ofisi na anakaa meza ya pili kutoka kwako. Kwa upande wa saini sijui mahali pazuri zaidi.

Kufungua kampuni yako ukiwa na mwaka mmoja wa kazi, sikushauri. Bara wakandarasi wana madaraja saba, na hata la chini kabisa linataka mtaji na vifaa kabla ya tenda. Ila kujenga nyumba ya mtu aliye Oman au Uingereza, unayemuonesha maendeleo kwa video kila Ijumaa, hiyo inawezekana pembeni, kwa malipo ya hatua kwa hatua: msingi, linta, paa. Ikiwa mwenye nyumba ni jamaa yako, andikianeni zaidi kuliko mngeandikiana na mgeni.

Ghuba, Oman na Dubai, wanataka uzoefu na vyeti vilivyothibitishwa. Nenda baada ya kusajiliwa.

Dada zetu wanaosoma haya, na ni wengi sasa, wana swali moja la ziada: saiti ina choo cha wanawake na mahali pa kuswali, au mtaambiwa mwende nyumba ya jirani? Limeulizwa usoni pangu na binti mmoja kwenye usaili. Nilikuwa upande wa waajiri, sikuwa na jibu, na aliikataa kazi yetu. Wiki iliyofuata tukajenga choo.

Ningechukua ipi?

Kwa mtu wa umri wake, asiye na mke wala mkopo, mimi ningechukua ya mkandarasi, kwa sharti moja la saini. Sharti hilo likikosekana, ningevuka Dar hata kwa hasara ya kodi ya nyumba, miaka mitatu mitupu, nikarudi na muhuri wangu. Serikali ningeiacha iwe ya baadaye, nikiwa na kitu cha kuwapa, maana mhandisi anayeingia akiwa ameshasajiliwa hupokewa tofauti na mhitimu wa sita anayengoja foleni.

Mwenye wazee wanaomtegemea, au mwenye watoto, ulinganisho wake hauwi huu. Mshahara unaofika kila mwezi una thamani ambayo kijana wa barazani hawezi kuipima, na mimi nilipokaa Dar mama yangu aliumwa mara mbili bila mimi kuwapo.

Mpwa wangu amechukua ya Chake. Hakunieleza sababu na sikumuuliza. Bibi yake yuko Wete na magoti hayamsaidii tena. Siku ya tatu kazini alinipigia. Ofisi ina wahandisi wawili waliosajiliwa, na mmoja anastaafu Disemba. Nimemwambia daftari alipeleke kwa huyu anayebaki, Jumatatu asubuhi kabla ya kikao, na asiondoke mpaka ukurasa wa kwanza utiwe saini. Kisha akaniuliza kuhusu kalvati moja njia ya Konde linalozama upande mmoja. Nikamjibu kwa sauti, dakika nne. Mama yake anasema safari hii amesikiliza zote.